Ekzosi Inayolipua: Kabureta Iwe ya Mwisho Kuguswa

Mlio wenyewe unaujua. Pikipiki imetoka mbio, umeachia mafuta ikiwa bado kwenye gia, na ekzosi inaanza kulipua: mara mbili, mara tatu, wakati mwingine mfululizo mpaka unaposimama. Ukipita na pikipiki ya namna hiyo usiku mbele ya Hospitali ya Kitete mjini Tabora, unawashtua wagonjwa. Ukipita nayo mchana mtaa wa Ng'ambo, watu wanageuka wakidhani ni bunduki. Wapo vijana wanaoupenda mlio huo. Lakini anayeendesha ili apate hesabu ya siku na kumpelekea mwenye chombo fedha zake hana sababu ya kuupenda, kwa kuwa kila mlipuko ni petroli aliyoinunua inayoungulia kwenye bomba, mahali isipoweza kumsukuma hata hatua moja.

Kinachotokea ni hiki. Unapoachia mafuta, kabureta inafunga, ila gurudumu la nyuma bado linaizungusha injini kwa kasi. Injini inavuta kwa nguvu kupitia upenyo mdogo sana, na kinachoingia ni mchanganyiko dhaifu wa hewa na petroli. Plagi inarusha cheche, moto haushiki, au unashika nusu, na mvuke wa petroli unatolewa mzima mzima kwenda kwenye ekzosi. Ekzosi iko moto. Mvuke ukikutana na hewa humo ndani, unaungua kwa kishindo. Mlipuko basi unataka vitu vitatu: petroli ambayo haijaungua, joto, na hewa. Joto la ekzosi huwezi kuliondoa. Unachoweza ni kuizuia hewa isiingie mahali isipotakiwa, na kuufanya mchanganyiko wa ndani uungue huko huko ndani.

Mlio mmoja mmoja wa chini, unapoteremka kwa gia ndogo, usikunyime usingizi. Injini nyingi hufanya hivyo zikiwa nzima. Tunaoushughulikia hapa ni ule unaopasua masikio, au ulioanza ghafla kwenye pikipiki iliyokuwa kimya.

Gereji nyingi hukimbilia bisibisi. Fundi anachuchumaa, anazungusha skrubu ya kabureta huku na huko, mlio unapungua, unalipa, unaondoka. Baada ya siku chache mlio umerudi, na sasa pikipiki inakula mafuta kuliko zamani. Mimi nasema kabureta iwe ya mwisho kuguswa, na kwa mtu wa Tabora nalisema kwa mkazo zaidi, kwa sababu ya mahali mji wenyewe ulipo.

Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora ya leo, Novemba 1857 wakiifuata njia ya misafara kutoka pwani, walikuwa na vipimajoto vya kupimia mwinuko kwa kuchemsha maji, maana kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyopungua uzito na maji yanavyochemka mapema. Tabora yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Hewa iliyoyafanya maji yao yachemke mapema ndiyo inayovutwa leo na kabureta ya bodaboda: ni nyepesi kuliko ya Bagamoyo kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kabureta haina namna ya kulijua hilo. Inatoa petroli kwa kufuata ukubwa wa matundu yake, kwa hiyo huku juu mchanganyiko huelekea kuwa na mafuta mengi kidogo. Na ekzosi hulipua zaidi hewa inapozidi, si mafuta yanapozidi. Pikipiki iliyokuwa kimya pwani ikianza kulipua Tabora, usiulaumu mwinuko. Kuna mahali hewa inaingia kwa wizi, au kuna tundu lililoziba.

Anza na shingo ya ekzosi, pale bomba linapokutana na kichwa cha injini. Hapo kuna gasketi ya duara, ndogo, ya bei rahisi, na kwa uzoefu wa mafundi wengi ndiyo mkosaji wa kwanza. Barabara za kuingia vijijini, zile zenye makorongo na mchanga, zinaitikisa ekzosi kutwa nzima. Nati mbili zinazoishika zinalegea, gasketi inaliwa na moto upande mmoja. Unaweza kudhani tatizo la pengo kama hilo ni moshi kutoka tu. Lakini moshi hutoka kwa mapigo, na baada ya kila pigo kunakuwa na mvuto wa kurudi nyuma, na mvuto huo unaingiza hewa safi ndani ya bomba lenye moto. Hewa uliyokuwa unaitafuta umeipata.

Pikipiki ikiwa imepoa, inama uangalie kwa karibu. Ukiona masizi meusi yamejichora kwenye alumini kuzunguka shingo, au nati moja ni kavu na safi na ya pili imevaa weusi, pengo liko hapo. Kama huoni kitu, paka povu la sabuni kwenye kiungio, washa injini, na utazame kabla bomba halijapata moto: povu likivimba na kupasuka, kiungio kinavuja. Fanya hivyo pia kwenye maungio mengine yote ya ekzosi na kwenye kila mahali palipowahi kuchomelewa. Kazi hii ifanyike nje, kwenye upepo. Moshi wa injini ndani ya chumba unaua mtu bila kumwonya.

Gasketi iliyokwisha kubanwa usiirudishe, nunua mpya. Futa masizi ya zamani mpaka chuma kiwe safi, weka gasketi sawasawa, kisha kaza nati kwa zamu, kidogo upande huu, kidogo upande ule, ili bomba lisikae upande. Usikaze kwa hasira. Skrubu zinazobeba nati hizo zimeshindiliwa kwenye alumini, na moja ikikatikia ndani utatumia fedha nyingi kuliko zile ulizotaka kuokoa. Baada ya safari ya kwanza acha ipoe, halafu jaribu nati tena. Mara nyingi zitakubali kukazwa kidogo zaidi.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu ekzosi zinazotobolewa. Kuna wanaotoa vichujio vya ndani vya sauti ili pikipiki ingurume, na pikipiki ikianza kulipua wanapeleka kabureta kwa fundi. Hakuna skrubu itakayotibu ekzosi iliyokatwa. Moshi unatoka haraka kupita ilivyopangwa, hewa inarudi ndani kwa urahisi, na mlipuko ambao zamani ungemezwa humo humo sasa unatoka nje wote. Rudisha ekzosi ya kiwandani kwanza. Watu wanaolala kando ya barabara wana haki ya kulala.

Pikipiki nyingine mpya kidogo zina kimpira kinachotoka kwenye boksi la hewa na kwenda juu ya kichwa cha injini, karibu na tundu la moshi. Kazi yake ni kupeleka hewa kidogo kwenye moshi ili ukamilike kuungua na usichafue mazingira. Ndani yake kuna vali ambayo inatakiwa kufunga unapoachia mafuta. Ikichanika, hewa inaingia wakati usiofaa, na ekzosi inalipua vibaya sana. Ziba kimpira hicho kwa muda, endesha. Mlio ukikoma, nunua vali, uiache kabureta.

Kisha vumbi. Ukiacha lami na kuingia njia za mashamba ya tumbaku ya Urambo, au zile za wafuga nyuki kule Sikonge, kuanzia Juni hadi mvua za Novemba, ea klina inabeba mzigo ambao mtengenezaji hakuufikiria. Ikiziba, mafuta yanazidi na pikipiki inakuwa nzito. Halafu dereva anafanya kosa kubwa zaidi: anaitoa kabisa ili injini ipate pumzi. Sasa hewa imezidi, ekzosi inalipua, na mchanga laini unaingia moja kwa moja kusaga pistoni na slaidi ya kabureta. Ea klina ya sponji ioshe kwa maji ya sabuni, ikamue bila kuisokota, ikauke kabisa, ipake oili kidogo, uikamue tena. Ya karatasi ikung'ute na uipulize kutoka ndani kwenda nje, na ikishakuwa nyeusi ya kudumu ibadilishe. Wakati wa kiangazi mtu wa njia hizo asingoje ratiba ya kitabu; afungue boksi kila wiki.

Ukiwa hapo, chunguza raba ya manifoldi inayoshika kabureta kwenye injini. Ikunje kwa vidole. Jua la Oktoba na mvuke wa petroli huikausha mpaka inapasuka nyufa ndogo upande wa chini, usikoona bila kuinama. Injini ikiwa inanguruma taratibu, dondoshea maji kidogo kwenye raba na maungio yake: mlio wa injini ukibadilika ghafla, inavuta hewa hapo. Tumia maji, usitumie petroli kama wengine wanavyofanya. Injini ya moto na petroli ya kumwagika ni njia ya kuiunguza pikipiki mchana kweupe. Gundi na mpira wa kufungia mizigo vitakufikisha nyumbani, basi.

Plagi na tapeti nitazipita haraka. Toa plagi baada ya safari ndefu uitazame: kauri yenye rangi ya chai ya maziwa ni nzuri, nyeupe kavu inasema hewa imezidi, nyeusi ya masizi inasema mafuta yamezidi. Pengo lake kwa pikipiki nyingi ndogo ni milimita 0.6 hadi 0.7. Hakikisha kofia ya plagi imekaa na haichezi, maana cheche inayokatika nayo hupeleka petroli mbichi kwenye ekzosi. Tapeti ziangaliwe injini ikiwa baridi kabisa, kwa fila geji. Kwa mashine za jamii ya CG 125 nafasi ni takriban milimita 0.08, kwa nyingine fuata kitabu chake. Tapeti ya moshi iliyobana sana inaiacha vali wazi kidogo, moto unapenya kwenda kwenye ekzosi, na vali inaungua ukingo. Hilo likitokea, gharama zake ni za kufungua kichwa.

Umeyamaliza hayo na bado inalipua? Sasa ni zamu ya kabureta. Kabla ya kuifungua, jaribu choki. Endesha mahali patulivu, vuta choki kidogo tu, ongeza mwendo kisha achia mafuta. Mlio ukipungua, umepata ushahidi kwamba mchanganyiko wa mwendo mdogo una mafuta machache. Mlio usipobadilika, rudi kwenye ekzosi. Kuna kitu ulikipita.

Sababu ya kawaida ya mafuta kuwa machache ni uchafu. Kwenye njia ndefu petroli inanunuliwa kwenye chupa za maji kando ya barabara, na hakuna ajuaye chupa ile ilibeba nini jana. EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, ilianza mwaka 2010 kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuwabaini wanaochanganya petroli na mafuta ya taa, lakini kipimo cha vinasaba kinafanyika kituoni, na chupa ya kijijini haina wa kuipima. Mafuta ya taa hayashiki moto upesi kama petroli, na mabaki yake yanaenda kuungulia kwenye bomba. Fungua skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, pokea kinachotoka kwenye chombo cheupe au cha kioo. Maji yatakaa chini kama tone linaloteleza peke yake, mchanga utauona. Sigara mbali, na mwanga uwe wa simu.

Ukilifungua bakuli utakuta jeti mbili za shaba, kubwa na ndogo. Ndogo ndiyo ya silensa, yaani mwendo wa injini ikiwa imetulia, na ndiyo inayolisha injini unapoachia mafuta. Ifungue kwa bisibisi inayoenea vizuri kwenye mfereji wake, shaba ni laini. Inyanyue uielekeze kwenye anga. Katikati unatakiwa kuona nukta ya mwanga ya duara, ndogo kuliko kichwa cha pini. Ukiona mwanga umekatwa upande mmoja, au huoni kabisa, umeupata ugonjwa. Iloweke kwenye petroli safi au dawa ya kusafishia kabureta, ipulize kwa upepo wa kompresa, na kama uchafu unang'ang'ania pitisha uzi mmoja wa nailoni wa mshipi wa kuvulia. Usipitishe kamwe waya wa breki. Waya unapanua tundu, na tundu likishapanuka hakuna kulirudisha. Ndiyo maana pikipiki nyingi "zilizosafishwa" zinakula mafuta maisha yao yote. Puliza pia vijitundu vya ndani ya kabureta yenyewe, na ubadilishe gasketi ya bakuli ikiwa imekakamaa.

Baada ya kuirudisha ndipo useti silensa. Skrubu ziko mbili. Ile kubwa inayoshika au kuinua slaidi inapandisha na kushusha kasi ya injini ikiwa imetulia. Ile ndogo iliyozama ndiyo ya mchanganyiko, na hii inakuja kwa aina mbili zinazofanya kazi kinyume. Ikiwa upande wa ea klina, inapitisha hewa: ukiifungua umeongeza hewa, ukiikaza umeongeza mafuta. Ikiwa upande wa injini, inapitisha mafuta: ukiifungua umeongeza mafuta, ukiikaza umepunguza. Tazama kwanza iko upande gani wa slaidi. Fundi asiyeuliza swali hili anabahatisha.

Hesabu na uandike: kaza skrubu taratibu mpaka iguse, ukihesabu mizunguko, ili ujue ilikuwa wapi. Usiibane, ncha yake ni nyembamba na ikitoboa kiti chake kabureta imekwisha. Kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu hadi miwili. Pikipiki nyingi huishia humo. Endesha dakika kumi injini ipate moto wake halisi, rudi, pandisha silensa kidogo, halafu zungusha skrubu ya mchanganyiko robo kwa robo. Kila robo ipe muda, injini haijibu papo hapo. Unatafuta mahali ambapo inanguruma kwa kasi zaidi na kwa utulivu zaidi. Ukipita hapo kwa upande wowote itaanza kusita. Ukishapapata, ongeza robo moja kuelekea upande wa mafuta mengi, kisha shusha silensa kwa skrubu kubwa. Kwa pikipiki nyingi ndogo silensa nzuri ni mizunguko 1,300 hadi 1,500 kwa dakika. Kama dashibodi haina kipimo, tumia sikio: isizime ukiwasha taa na indiketa, wala isipige kelele ya kukimbia ukiwa umesimama.

Vuta mafuta ghafla kisha achia. Ikichelewa kushuka, ikabaki inavuma juu kwanza, hewa bado imezidi. Ikishuka chini kupita kiasi na kutaka kuzima kabla ya kujirudi, mafuta yamezidi. Ikitua moja kwa moja, panda uende ukaijaribu. Toka mjini mpaka Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, na urudi. Ukifika mahali pasipo na watu achia mafuta kwenye gia ya tatu usikilize.

Ikiwa skrubu ya mafuta imefunguliwa kupita mizunguko mitatu ndipo mlio unapungua, au ile ya hewa inataka kukazwa karibu kufika mwisho, jeti ndogo bado ina uchafu au ni ndogo kuliko inavyotakiwa. Kabureta za bei nafuu za kubadilishia huja na jeti za kila namna. Peleka ya zamani dukani, linganisha namba iliyochongwa, ongeza hatua moja. Jeti kubwa na pini ya sindano ziache zilivyo, maana hizo ni za mwendo wa kati na wa mwisho, wala mlio wa kuachia mafuta hauzihusu. Pikipiki za kisasa zenye injekta hazina skrubu hizi kabisa; kwao kazi yako inaishia kwenye ekzosi, ea klina, plagi na tapeti, kisha kompyuta ya fundi.

Mlio ukitokea kwenye kabureta badala ya ekzosi, ukiambatana na nguvu kupungua, simama. Mara nyingi hiyo ni vali ya kuingizia au mpangilio wa moto, na kuendelea kuendesha kunaweza kuwasha moto kwenye boksi la hewa.

Mwisho ni kwa anayesafiri mbali. Ukiiseti pikipiki Tabora ukaenda nayo Manyoni na Dodoma, mwinuko haubadiliki sana, iache. Ukienda magharibi kwa njia ya Kaliua na Uvinza hadi Ujiji, unashuka kiasi cha mita 400, sikiliza tu. Ila ukiteremka Morogoro hadi Bagamoyo, hewa inakuwa nzito siku hiyo hiyo, na pikipiki iliyokuwa kimya Tabora inaweza kuanza kulipua bila kuharibika chochote. Ongeza robo mzunguko upande wa mafuta, tazama plagi baada ya siku moja ya kazi, na ukirudi Tabora irudishe robo ile ile kabla plagi haijaanza kushika masizi.